Shangazi Yako Alinisikia

Mwende wangu,

Umesema gari la kesho halitoshi watu watatu. Linatosha. Nimelitazama tangu asubuhi, na hata ukiweka friji yako ndogo kiti cha nyuma, bado kuna mahali pa mtu mwembamba kama mimi. Lakini sitabishana. Baba yako atakupeleka Ohio, mimi nitabaki hapa Woodbridge. Ninachokataa ni wewe kuondoka ukiamini kwamba mama yako aliharibu sherehe yako kwa sababu ya mzaha.

Umeenda Fairfax kuwaaga rafiki zako. Baba yako yuko sebuleni, televisheni inaongea peke yake. Mambo ya blanketi, dawa ya mafua na namna ya kufua nguo nyeupe nimeyaacha. Utayajua, au utanipigia simu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kutafuta maneno. Soma polepole. Najua unaielewa, hata kama unanijibu kwa Kiingereza.

Tulipofika nchi hii ulikuwa hujaanza shule. Baba yako alikuwa ametangulia, akiendesha malori ya masafa marefu, na mara nyingi wiki iliisha hatujamwona. Tulikaa Germantown kwa dada yake, Shangazi Mumbua, katika chumba cha chini cha nyumba yake. Sitaki usahau mema yake kwa sababu ya haya ninayoandika. Koti lako la kwanza la baridi alilinunua yeye. Kusoma alikufundisha yeye, pale mezani kwake, kidole chake kikifuata neno baada ya neno. Mimi alinitafutia kozi ya kutunza wazee, kisha akaniingiza kazini kwenye nyumba ya wazee alikokuwa nesi wa zamu. Yote hayo ni kweli, na hayajanipunguzia hasira hata kidogo.

Kitu cha kwanza alichotaka kunibadilisha kilikuwa kushtuka kwangu. Siku moja kikombe kiliniponyoka jikoni kwake, nikasema, "Woi, mama yangu." Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mama Mwende, hapa hatusemi woi. Sema oops."

Nikasema oops. Nilijisikia kama mtu aliyevalishwa viatu vya mwenzake. Kuanzia hapo akawa mwalimu wangu. Ukijichoma na sufuria sema "ouch". Gari likikukaribia ghafla sema "whoa". Ukimpamia mtu dukani sema "excuse me". Ukiambiwa habari mbaya sema "oh no", na uivute kidogo mwishoni ili waone umeguswa. Kila nilipojisahau alinirudisha, hata mbele ya wageni. "Wazungu watakuogopa," aliniambia. "Watadhani kuna mtu amekufa." Wageni walicheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa nakaa kwake.

Nadhani alinitakia mema wakati huo. Alikuwa amepita njia hiyo hiyo peke yake, bila mtu wa kumwambia. Lakini mimi nilijifunza kuimeza sauti yangu, na kile nilichopewa mahali pake hakikuwahi kushuka mpaka kifuani.

Kuna jambo lingine ambalo hakunifundisha. Kwetu Machakos, mtu akimaliza kusema, wengine hunyamaza kidogo. Kimya hicho ndicho mlango wa anayefuata. Nililelewa kungoja mlango huo. Mezani kwa shangazi yako haukuwepo. Mmoja alianza kabla mwingine hajamaliza, na nilipofungua mdomo yeye aliinua kiganja: "Hold on, let me finish." Mwanzoni nilidhani hiyo hold on ni kuniambia nishikilie kitu, nikawa najiuliza nishike nini. Nilipoelewa kwamba ni namna ya kumzuia mtu asiingie, tayari nilikuwa nimezoea kuzuiwa.

Sasa nikupeleke kwenye kile chumba cha kuogea.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja anaitwa Walter. Alikuwa mrefu, mzito, mpole, na alipenda kuniuliza habari za mvua kwetu kwa sababu aliwahi kuwa mkulima. Alasiri moja nilikuwa namtoa kuoga. Nilimshika vizuri, mkanda ulikuwa kiunoni mwake kama tulivyofundishwa, lakini magoti yake yakalegea ghafla na sote wawili tukaenda chini. Mkono wangu ulikuwa chini ya kichwa chake. Kamba ya kengele ilikuwa ukutani, mbali nami, na ningeutoa ule mkono ili niifikie, kichwa chake kingeangukia vigae. Alikuwa analia kwa sauti ndogo.

Nikapiga nduru. Sikusema oops. Sikusema "help", ingawa neno hilo nalijua tangu darasa la nne. Lililotoka ni lile nililozaliwa nalo, lile refu, uuui, ambalo kwetu likisikika mtu huacha ugali motoni na kukimbia. Nilipiga tena na tena, mpaka koo likakauka.

Hakuna aliyekuja. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba walisikia kelele, wakadhani ni mmoja wa wale wazee waliochanganyikiwa ambao hupiga mayowe kila siku. Siwalaumu. Mmoja alitoka Manila na mwingine Addis Ababa, wangejuaje. Mwishowe mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo yake, akafungua mlango. Nyonga ya Mzee Walter ilikuwa imevunjika. Hakutembea tena, na kabla ya majira kugeuka akafariki.

Katika jengo lile lote kulikuwa na mtu mmoja aliyejua nduru ni nini. Meza yake ilikuwa korido hiyo hiyo, milango michache tu kutoka pale nilipoanguka na yule mzee.

Wiki ile mkurugenzi alituita. Alitaka kujua kwa nini mzee alikaa sakafuni muda wote ule. Shangazi yako alikuwa amevaa miwani yake ya kusomea. Alisema hivi, na nakumbuka kila neno: alikuwa mezani pake muda wote, angesikia kama mtu yeyote angeita msaada, na hakuna aliyeita. Alisema mimi ni mtu mzuri lakini bado mgeni wa kazi, na huenda niliganda kwa woga.

Nilikuwa nangoja kile kimya. Nilijiambia akimaliza, nitasema. Nikafungua mdomo mara moja, akainua kiganja bila kunitazama. "Hold on." Akaendelea. Alipofika mwisho, mkurugenzi alikuwa ameshasimama na kunishukuru kwa kuja. Nikasema "thank you". Mwende, mtu ananifukuza kazi kwa uongo na mimi namwambia asante.

Kwenye gari shangazi yako aliniambia nisijali, atanitafutia kazi kwingine. Aliwasha redio.

Wakati ule sikujua kama alinisikia. Hilo lazima ulielewe. Nilijiambia labda mlango ulikuwa umefungwa, labda mashine ya kukausha nguo ilikuwa inanguruma. Niliamua kumwamini, kwa kuwa nilihitaji chumba chake. Baba yako alipopata kazi ya huku tulihamia Woodbridge, nikaanza katika nyumba nyingine ya wazee, na huko nilijifundisha upya. Niliwasikiliza wenzangu wanavyoingia katika mazungumzo bila kubisha. Nikawa nafanya mazoezi peke yangu ndani ya gari, kwenye foleni ya barabara ya tisini na tano. "Excuse me. Hold on. Sorry, I'm not done." Madereva wa pembeni walidhani naongea na simu. Mara ya kwanza nilipomkatiza daktari kumwambia kwamba mgonjwa anakataa chakula kwa sababu meno yanamuuma, alinyamaza akanisikiliza. Haikuwa vigumu kiasi kile. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba ilikuwa maneno mawili tu na mimi sikuwa nayo siku ile.

Kisha ikaja Krismasi ile tuliyokula kwa shangazi yako, ulipokuwa darasa la tisa. Ninyi watoto mlikuwa chini mnacheza. Sisi wakubwa tulikuwa juu, na shangazi yako alikuwa amechangamka. Akaanza kuwasimulia wageni vituko vyangu vya zamani: kikombe, "woi", viazi nilivyonunua nikidhani ni nduma. Halafu akasema, "Lakini hamjasikia ya bafuni." Akapiga nduru yangu, ile ile, kwa sauti nyembamba. "Mimi niko kwa simu na mtu wa Nairobi, mambo ya shamba, nasikia uuui. Nikajiambia, leo ng'ombe wa nani amekufa? Nikaendelea na simu yangu."

Walicheka sana. Nami nilicheka, kwa mazoea. Kisha nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki na maji yakitiririka, na nikaelewa kile alichosema. Alinisikia. Alijua ni nini. Aliendelea kuongea na simu, mzee wa watu yuko chini, kisha akaenda mbele ya mkurugenzi akaniweka mimi mahali pake. Na kwa miaka yote amekuwa akikisimulia kisa hicho kama kichekesho.

Nilimwambia baba yako njiani tukirudi. Alijibu tulipovuka daraja. "Ni mzaha tu," alisema. "Watu huongeza chumvi. Na ni dada yangu."

Ndipo nilipoanza kupanga. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na kitu ambacho watu wengi walioonewa hawakipati: mtu aliyenionea alikuwa anapenda kusimulia jinsi alivyofanya.

Mzee Walter alikuwa na binti anaitwa Diane, mwenye duka la maua huko Rockville. Zamani alikuwa anamletea baba yake maua kila Jumapili, kwenye karatasi yenye jina la duka. Miezi mitatu kabla ya sherehe yako nilikwenda pale nikijifanya mteja wa kuagiza maua ya mezani. Alinitambua kabla sijamaliza kusema rangi ninazotaka. Aliweka mkasi chini.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema. "Uliyenyamaza."

Mwende, yule mwanamke alikuwa amenichukia miaka yote hiyo, na mimi sikujua kwamba kuna mtu Rockville ananichukia. Nilimwambia nilipiga kelele mpaka sauti ikaniishia. Akasema waliambiwa hakuna aliyeita. Nikamwambia, "Usiniamini mimi. Binti yangu anamaliza shule. Njoo kwenye sherehe yake, ukae, usikilize."

Akaniuliza kwa nini nimengoja muda wote huo. Nilimjibu kwamba nilikuwa sijui. Ni jibu la kweli, lakini ukilisema kwa sauti mbele ya binti wa marehemu linakuwa dogo sana.

Sehemu iliyobaki uliiona, lakini uliiona kama msichana aliyevaa gauni jeupe siku yake. Uniruhusu nikuonyeshe nilivyoiona mimi.

Ukumbi ulijaa. Muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe uliisha kabla ya pilau. Uliniuliza yule mama mzungu wa meza ya pembeni ni nani, nikasema ni mtu wa maua, na hilo halikuwa uongo. Shangazi yako alihutubia, akakusifu vizuri, ukalia. Ilikuwa hotuba nzuri. Angekaa chini hapo, huenda ningeacha. Sijui. Lakini hakukaa, alisimama na kipaza sauti akitafuta la kuongeza, nami nikamwambia kutoka kwenye kiti changu, kwa upole kabisa, "Wifi, wasimulie ile ya bafuni. Kwa Kiingereza, wageni wote waelewe."

Uso wake uling'aa. Alisimulia vizuri kuliko wakati wowote. Aliweka simu ya kujifanya sikioni, akapiga ile nduru, akauliza ng'ombe wa nani amekufa. Rafiki zako walicheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona.

Nikasimama. Nikainua kiganja. "Hold on," nikasema.

Alidhani ni sehemu ya mchezo. Akanyamaza, akitabasamu.

"Kwa hiyo ulinisikia," nikamwambia.

"Nani hakukusikia? Maryland nzima ilikusikia."

"Na ulijua ni kuomba msaada."

"Mama Mwende, mimi ni Mkamba. Nitakosaje kujua?"

Nikamwonyesha ile meza ya pembeni. "Huyu ni Diane. Ni binti wa Mzee Walter."

Nimekaa nchi hii muda mrefu na nimesikia watu wakishtuka kwa kila namna. Nimesikia oops ya sahani, ouch ya kidole kilichobanwa mlangoni, ile oh no ndefu ya simu kutoka hospitali. Alichosema shangazi yako kilikuwa "Oh" tu. Fupi, kavu, bila pumzi, na kipaza sauti kikaisambaza ukumbi mzima. Nimeirudia kichwani kila siku tangu wakati huo. Nikiwa natandika vitanda, nikiwa kwenye foleni ya malipo. Bado ni tamu. Ningetaka kukwambia imeanza kuwa chungu, maana ndivyo mama anavyotarajiwa kumwandikia mtoto wake, lakini ningekuwa nakudanganya.

Diane aliondoka bila kula. Hakunishukuru, na sikumtarajia anishukuru. Aliandika malalamiko, na sasa shangazi yako, aliyekuwa amepanda mpaka kuwa msimamizi wa manesi wote pale, amesimamishwa kazi huku leseni yake ikichunguzwa. Binamu yako Brian, mtoto wake, hajibu ujumbe wako. Baba yako huongea nami kuhusu takataka na bili za maji, basi. Bibi yako alipiga simu kutoka Machakos akauliza kama nimerogwa.

Na wewe ulisimama jikoni usiku ule, ukaniambia kwa Kiingereza chako kwamba ilikuwa siku yako. Moja tu, umekuwa nayo moja, na nimeichukua.

Ni kweli. Niliichukua. Nilihitaji ukumbi uliojaa na mtu ambaye shangazi yako asingekosa kuja kumsifu, na mtu huyo alikuwa wewe. Kwa hilo nakuomba radhi, Mwende, na siliombei radhi jambo lingine lolote katika barua hii.

Nimekuwa nikikuchunguza, unajua. Una Kiingereza kama cha aliyezaliwa hapa, lakini umerithi kungoja kwangu. Kile kikao cha shuleni, mwalimu alipompa yule mvulana sifa za mradi ulioufanya wewe, nilikuona umefungua mdomo ukingoja kimya kije. Hakikuja. Ulirudi nyumbani ukasema si neno. Nilikaa chooni nikauma taulo. Huko uendako watakukatiza watu wazuri na watu wabaya, na wote watafanya hivyo wakitabasamu. Ingia. Waingilie katikati ya sentensi kama ni lazima, hata sauti ikikutetemeka, hata wakidhani hukulelewa. Fanya siku hiyo hiyo. Ukingoja kama nilivyongoja mimi, litakapotoka halitakuwa neno tena. Litakuwa kitu kama nilichofanya, kinachomgonga kila aliyekaa karibu, hata mtoto wako.

Na ukishtuka, acha litoke lililo lako.

Leo mchana, ulipokuwa unapakia vitabu, shangazi yako alinipigia simu. Ni mara ya kwanza tangu sherehe. Alianza kwa salamu ndefu, akakuulizia wewe, akauliza kama umepata soksi nzito kwa sababu Ohio kuna upepo. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Aliniomba nikaseme mbele ya wachunguzi kwamba ile ilikuwa hadithi tu, kwamba alizoea kuipamba ili watu wacheke, na kwamba mimi mwenyewe nikiwa mke wa kaka yake najua hivyo. Alilia. Alisema leseni ndiyo maisha yake yote. Alisema, "Mama Mwende, nilikukaribisha kwangu."

Sikumkatiza hata mara moja. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa, na ule ukimya aliouacha ulikuwa mpana, ningeweza kuweka chochote ndani yake. Nikasema hapana. Nikakata simu, nikaja kukusaidia kubeba vitabu, na ukaniambia nisikusaidie.

Baba yako anataka nimsamehe kabla hujaondoka, ili uende na moyo mweupe. Sitaweza kwa ratiba yake. Labda siku moja. Labda la.

Lakini yeye ni shangazi yako, na kidole kile kilichofuata maneno mezani Germantown kilikuwa chake. Alikupenda bila unafiki, hilo naliapia. Huwezi kukasirika kwa niaba yangu, na sikutumi ukasirike. Ukifika huko na ukamkumbuka, mpigie. Mwambie habari za chumba chako na hizo soksi. Mwache aongee anavyopenda kuongea.

Ila usiniambie kwamba umempigia.

Mama yako